Kamba Niliyoipeleka Kakuma

Mume wangu alifia ndani ya nyumba yetu ya Nawoitorong, na kwetu Turkana nyumba iliyofiwa haikaliwi. Zamani jambo hilo halikuwa gumu. Wanawake walibomoa, wakafunga miti na ngozi juu ya punda, boma likahamia ng'ambo ya laga, ule mto unaokauka. Lakini nyumba yetu ilikuwa ya matofali, na matofali hayapandi punda. Tukaendelea kulala humo, mimi na mama mkwe wangu, kila mmoja akijifanya amepata usingizi.

Shemeji yangu alikuja kutoka Namoruputh tulipokwisha kunyoa nywele za msiba. Ni mtu wa mifugo, hana maneno mengi. Alisema mama yake hawezi kuendelea kulala mahali mwanawe alipokata roho. Kama hapatakuwa na nyumba nyingine kabla ya mvua, angemchukua arudi naye kwake. Hakusema kwa ubaya. Niliitikia kwa kichwa, lakini sikutaka aende. Sikujaliwa mtoto. Mama mkwe ndiye mtu pekee aliyebaki wa kuniuliza kama nimekula.

Mawe na saruji vilikuwa nje ya uwezo wangu, hilo halikuhitaji hesabu. Ukuta wa udongo nao, mvua ya huku ikija inakuja na hasira, inauosha wote. Ndipo nikakumbuka kanisa dogo nililoliona Kakuma, karibu na kambi ya wakimbizi, nilipopeleka vikapu vya majani ya mikoma kuuza. Kuta zake zilikuwa magogo ya mkaratusi, yamelazwa moja juu ya jingine, na kwenye kona yamechongwa yakashikana kama vidole. Niliulizia. Nikaambiwa aliyelijenga ni fundi kutoka Sudan Kusini anayeishi pale kambini.

Niliishia darasa la sita, na mambo ya mita hayanikai kichwani. Lakini kupima nyumba najua, kwa sababu kwetu mjenzi ni mwanamke. Mama yangu alinifundisha hivi: weka chini kila kitakacholala ndani, kisha zunguka ukichora mstari kwa kisigino. Nikatoa vitanda viwili nje, changu na cha mama mkwe, nikaviweka mchangani pamoja na sanduku la nguo na mtungi wa maji. Majirani wakaja kutazama. Mmoja akauliza kama mimi nimefukuza vitanda ama vitanda vimenifukuza mimi. Mama mkwe alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, nami nikachora mstari wangu. Nikalaza kamba juu ya mstari, nikaikata mahali ilipokutana.

Kamba hiyo niliipeleka Kakuma. Fundi alikuwa kijana mrefu, mpole. Aliivuta, akaipima, akaandika kwa msumari juu ya ubao. Aliniambia magogo yanatoka upande wa Kitale kwa lori, na kila barabara inapoharibika bei inapanda. Akahesabu oili chafu ya kupaka kwa ajili ya mchwa, misumari, mlango, mabati, na kazi yake. Nilikuwa na mbuzi waliobaki baada ya mazishi. Nikiwauza wote, wangetosha, kwa kubana sana upande wa mabati.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena.

"Mama," akasema, "hata ukiniuliza mpaka jioni, hii miti haina jibu ingine."

Niliuza mbuzi. Mwenye lori alikuwa Msomali aliyenipa pole ya msiba vizuri sana, na bei hakuipunguza. Nilipokuwa nimekwisha kukubali, akapunguza kidogo, akasema hiyo ni ya marehemu. Magogo yalishushwa Nawoitorong, na nilipoyaona yamelala pale nilidhani wasiwasi wangu utapungua.

Fundi akachukua ile kamba yangu, akapiga kigingi cha kona ya kwanza, kisha cha pili. Nilisimama nikitazama. Kamba ilikuwa ile ile, lakini ardhi iliyokuwa ndani yake ilikuwa inapungua. Alipofunga kona ya nne nikaingia kati, nikageuka huku na huku. Nikaleta vitanda. Kimoja kiliingia. Cha pili kikatoka nje ya kamba, miguu yake miwili ikabaki uani.

"Fundi, mbona umeifinya?"

"Sijafinya, mama. Ni kamba yako."

"Mimi nilizungusha. Nilipima duara."

 Akatazama kamba, akatazama magogo.

"Gogo hailali duara," akasema polepole. "Kamba ya duara ukiipiga kona nne, ndani inapungua. Ningekuuliza. Sikujua watu wa hapa wanapima hivyo."

Wala mimi sikujua kwamba kuna nyumba inayopimwa vingine. Akanieleza pia kwamba pale kwenye kona kila gogo lazima lipite mwenzake kidogo, na unene wa ukuta unaingia ndani, kwa hiyo nafasi ingekuwa ndogo hata kuliko nilivyoiona. Tungeweza kuongeza magogo, lakini lori lingerudi kwa bei ile ile, na hapo hatungekuwa na paa. Niliketi juu ya magogo na kichwa changu kilichonyolewa kikichomwa na jua. Nyumba ya watu wawili isiyo na paa, au ya mtu mmoja yenye paa. Niligeuza hesabu hiyo kila upande. Kila upande ilikuwa ile ile.

Nikamwambia aendelee na hiyo ndogo. Aliuliza mimi nitalala wapi. Nikamwambia hilo asiliweke kwenye hesabu yake.

Siku zote za ujenzi nilikuwa nikiyapapasa magogo kutafuta nyufa. Moja lilipopasuka kwenye kona, fundi aliligeuza akalitumia kwingine, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kutoka jasho. Mabati mapya hayakutosha. Tukamalizia na mabati ya zamani, na matundu yake ya misumari tukayaziba kwa lami.

Shemeji alifika mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya vilima vya Loima. Mama mkwe aliingia, akapitisha kiganja ukutani, akasema pananukia vizuri. Akaketi kwenye kitanda chake.

"Na chako kiko wapi?"

"Hakikuingia, mama. Nilikosea kupima. Mimi nitabaki kule."

Alijua kule ni kwenye matofali. Aliinamisha kichwa. Kisha akasimama, akamgeukia mwanawe.

"Toa hiyo kitanda nje."

Shemeji akasema mama ni mzee, ardhi ni baridi.

"Wewe nilikuzalia kwa kitanda? Toa."

Akakitoa. Tukatandika ngozi mbili, ya kwake ukutani na yangu mlangoni. Zilienea, zikagusana kidogo pembeni. Mama mkwe akalala pale mchana huo huo, akapata usingizi, na safari hii haukuwa wa kujifanya.

Shemeji aliinama mlangoni, akaziangalia zile ngozi. Halafu akainua macho kwenye paa, akayaona matundu ya zamani na lami yake. Alinyoosha fimbo, akaligusa moja.

"Haitavuja?"

Ningeweza kusema haitavuja. Fundi alikuwa amesema hivyo. Lakini fundi alikuwa amesema pia kwamba hajui umri wa mabati yale.

"Sijui, shemeji," nikamwambia.

Akatazama juu tena. Akasema basi atakaa mpaka inyeshe, aone mwenyewe kama mama abaki. Akaegemeza fimbo yake kwenye magogo, akaketi kwenye kivuli cha ukuta. Nikampikia chai. Tukakaa hivyo tukingoja mvua, ambayo Turkana nzima ilikuwa ikiiomba, nami peke yangu nikiomba ichelewe.