Pai la Mapera na Mche wa Sabuni

Jirani yangu hapa Manyamanyama akichemsha mapera, mimi nafunga dirisha. Mnisamehe. Harufu ile inanirudisha Suguti, miaka ile ya shida, sukari hakuna, sabuni hakuna, nguo tunafulia majani ya mpapai.

Mke wa mchungaji ndiye alinifundisha pai. Nilikuwaga na mkono mwepesi. Unga naufikicha na samli ya ng'ombe wetu mpaka uwe kama mchanga, mapera nayatoa mbegu zote, halafu makaa machache chini ya sufuria na mengi juu ya mfuniko. Ukingo naubonyeza kwa kidole gumba, alama kwa alama, kuzunguka.

Basi sista mmoja wa Kitaji alikuwa anatafuta binti wa kumsaidia jikoni, na yeye sista angemsomesha huyo binti ufundi. Alitaka kwanza aonje pishi lake. Mimi nilikuwa nimeishia la saba, njia nyingine sikuwa nayo. Shangazi Nyanjura, dada yake baba, akaleta ngano vikombe viwili, kaifunga kwenye soksi. Nikaoka.

Asubuhi ya safari mama alinifunga kanga vizuri, akaniambia, "Ukifika kwa sista usiongee. Mwachie shangazi yako." Nikajua ni adabu.

Pai nililibeba mimi kichwani. Tabitha, binti wa shangazi, alitembea mikono mitupu, ananicheka eti natembea kama bibi harusi. Sista akakata kipande, akatafuna polepole, akauliza nani kapika. Shangazi akamsukuma Tabitha mbele.

"Huyu binti yangu, sista. Huyo mwingine ametusaidia kubeba."

Tabitha, ambaye hata kuwasha jiko hajui! Alama za kidole changu zilikuwa pale ukingoni, zinaniangalia. Mdomo nimeufunga kama nilivyoagizwa.

Tabitha akabaki Kitaji. Mimi nikarudi nalia, nikamkuta mama anafua, povu limejaa karai. Mche mzima wa sabuni, mpya. Akaniita, akaniogesha mwenyewe, mgongo na nywele. Wiki nzima nilinukia. Nikawaringia wenzangu kisimani: mnaona mama yangu anavyonipenda?

Shangazi Nyanjura namtajaga popote, bila aibu. Kumtaja mama pamoja naye ilinichukua miaka. Nimeshazaa wanne ndipo siku moja, naogesha wa mwisho, nikajiuliza kwa nini jioni ile hakuniuliza nalia nini.