Gemu ya Marehemu

Mama Cherehani hakumwamini fundi yeyote, na sababu alikuwa nayo: yeye mwenyewe fundi. Miaka thelathini ameshona nguo za watu, na hakuna kitambaa kilichoingia kwake kikatoka kizima. Foronya zote za nyumbani kwake ni vipande vya wateja. Mtu wa hivyo utamwambia nini kuhusu uaminifu?

Basi alipopeleka gemu ya mkononi ya marehemu mumewe iwekwe betri ya kuchaji, maana zile za kununua zilimchosha, alibeba na kigoda chake. Akakaa mbele ya pua ya fundi.

"Humu mna mchezo wa mzee," alimwambia. "Aliishia hatua ya tisa, jina lake liko pale juu. Kila alasiri nawasha, nalitazama. Likipotea hapatatosha hapa."

"Halipotei, mama. Limo kwenye kaseti, hiki kibati cha mchezo kinachochomekwa nyuma, na kaseti siigusi."

Eti haigusi! Si ndivyo naye anavyowaambia wateja? Akahesabu skrubu zikitoka, sita. Fundi akachonga plastiki ya ndani, akalaza betri bapa, akachomelea nyaya mbili na tundu la chaja. Kazi safi. Ila aliinuka mara moja kuwasha feni, na mgongo wake ukaziba meza.

"Umenibadilishia kaseti!"

"Haki ya Mungu, mama, sijaigusa."

"Ifungue nione."

Akaifungua ili yaishe. Ndani mlikuwa na kibetri cha duara, kama kifungo cha shati, king'avu. Kaseti kuukuu, kibetri kipya? Thubutu!

"Hiki umekitia wewe sasa hivi!"

"Usikiguse, mama! Hicho ndicho kinachoshika kumbu..."

Nani amsikilize? Mwizi akikwambia usiguse, hapo ndipo pa kugusa. Akatia ncha ya mkasi, akakibandua, akakigeuza.

Nyuma palikuwa na tarehe ya miaka miwili iliyopita, kwa kalamu ya wino, mwandiko wa mumewe.

Mama Cherehani alilia bila kujificha. Fundi akatia kibetri kingine, akafunga, akawasha. Kioo kiling'aa kuliko siku zote, kikauliza jina la mchezaji.

"Andika lake," alisema mama. "Tafadhali, mwanangu."

Fundi akaliandika, herufi moja moja. Gemu ikampokea mzee vizuri tu, ikamweka hatua ya kwanza.