Mulinzi wa Ndege na Mama Mukwe

Bwana yangu alipewa kazi ya kulinda ndege. Ndiyo, ndege! Wabeleji walikuwa wamekata kipande cha matope na mafunjo pale chini ya mutaa wa Muhumba, kando ya ziwa, wakasema mutu asitie muguu: ni makao ya ndege wanaokuja kutoka Ulaya wakikimbia baridi. Nilicheka mpaka machozi. Ulaya nzima ilikuwa inahamia kwetu, sasa hata ndege wao walitaka kiwanja.

Basi alivaa kepi, ile kofia ya kazi, filimbi shingoni, akatembea kifua mbele. Nyumbani alianza kunisemesha Kifaransa, mimi muke wake niliyekuwa ninamufulia suruali. Hao korongo aliwaita "wageni wetu". Upuuzi mutupu.

Shida ni kwamba mule ndani ya matope mama yangu alikuwa na shamba lake la mateke, yale magimbi yanayopenda maji. Alikuwa mujane, na hayo mateke ndiyo yaliyomulisha yeye na wajukuu aliokuwa analea. Hata huyo mulinzi alikuwa anayala jioni na kuomba tena. Mama hakubishana na mutu. Asubuhi alibeba jembe, akaingia, akachimba. Alijua mulinzi hatamusogelea, maana kwetu mukwe na mama mukwe hawatazamani usoni, ndiyo heshima. Kila mama alipotokea, bwana yangu na kepi yake alikimbilia nyuma ya mafunjo, akageukia ziwa. Mambo yalienda hivyo majuma mengi. Nilimudharau kwa yote, lakini kwa hilo moja nilimusifu moyoni.

Siku moja nilikuwa nimemupelekea mama kitunga, na Muzungu mukubwa akafika na darubini yake. Alimukuta mulinzi amejibanza, ametupa mugongo, na mama anachimba. Hakupiga kelele. Alimwambia tu achague: akamunyang'anye yule mwanamuke jembe, ama avue kepi.

Vua, nilisema moyoni. Vua, nami nitakuheshimu mpaka kufa.

Alishika kepi kwa mikono miwili, akaikaza kichwani. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya mama, akashika mupini.

"Toka hapa, wee mwanamuke," alimwambia.

Mama aliachia jembe. Kisha akainua macho, kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa, akamutazama usoni, polepole, kama mutu yeyote wa kupita njiani. Halafu akanigeukia.

"Mwanangu, beba kitunga. Twende kwetu."

Nilikibeba.