Kadi za Mkurugenzi

Kila Jumatatu huja dukani kwangu Malindi, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, nimchapie kadi mpya za biashara. Kampuni hubadilika jina, yeye hubaki Mkurugenzi Mtendaji. Huzishika kwa ncha za vidole, utadhani kaimati za moto, huku akinisomesha: "Bi Nadra, kutaka kuajiriwa ni utumwa." Mie na mashine yangu ya kopi mwaka wa kumi huu, wino hadi viwikoni, namwitikia tu. Jana serikali ilitangaza nafasi za ukarani, kaja mbio, tai imempanda begani, anataka barua ya maombi. Nikamuuliza, "Kwenye uzoefu nkuwekee ukurugenzi?" Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Usiweke, Bi Nadra. Watajua sijapata kufanya kazi."