Amri ya Kumpita Afande

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye chuo kimoja hapa Mbale, Uganda, namngoja rafiki yangu anayewafundisha hesabu wanafunzi waliokuja na msingi mbovu. Darasani mwake kila mtu ana kompyuta yake na anakwenda kwa mwendo wake. Hufunguliwi somo jipya mpaka la kwanza likukae kichwani.

Mbele yangu walikaa askari magereza wawili, sajini mwenye mvi na koplo kijana. Sajini alikuwa amekwama kwenye hesabu za sehemu. Koplo alijibu jaribio vizuri, kisha kabla ya kulituma akafuta majibu yote na kuandika ya ovyo.

Rafiki yangu akamwinamia. "Hii unaijua. Kwa nini unajiangusha?"

Koplo akazitupia jicho tepe za sajini. "Mwalimu, afande bado iko kwa sehemu. Mimi napita yeye namna gani?"

Sajini alisikia. Akavua miwani, akasimama wima.

"Koplo!"

"Afande!"

"Pita. Hiyo ni amri."

Koplo akapiga saluti, akalirudia jaribio, somo jipya likafunguka. Hapo sajini akasogeza kiti karibu naye, akashusha sauti. "Sasa onyesha mimi hiyo ya kugawanya. Polepole."

Wengi wetu hapa Kiswahili tulikijua kwanza kwa amri za askari: simama, lala chini, mikono juu. Nimezeeka nikizisikia. Hii ndiyo ya kwanza niliyotamani irudiwe.