Pilau ya Ijumaa Ilipofika Usoke

Mwanangu Zuhura, iko Ijumaa moja ambayo haijanitoka moyoni, na nimeikumbuka tena jana nilipokuona hapo nyumbani kwako Cheyo ukiifunika kompyuta kwa hasira. Kazi unaifanyia nyumbani, bosi yuko Dar, na kwenye kioo umewaona wenzako wakila naye keki na kucheka. Wewe hukupata hata salamu. Uso ule naujua, niliwahi kuuvaa.

Ujanani nilikuwa napokea asali ya warinaji huko Usoke, peke yangu na ndoo zangu, ofisi ikiwa Tabora mjini. Kila Ijumaa baada ya swala bosi aliwalisha pilau wafanyakazi wa mjini. Habari zilinifikia kwa treni: Mwajuma wa ofisini kakaa karibu na bosi, Mwajuma kasifiwa. Mimi jina sikuwa nalo. "Mwambieni Usoke alete asali," ndivyo nilivyoitwa. Astaghfirullah, hata kwenye sijida nililiona lile sinia lao la pilau.

Ikatokea nafasi ya msimamizi. Niliitaka mno, lakini nikanuna. Nikawa napeleka asali bila neno, nikijiambia kazi yangu itanisemea. Akapewa Mwajuma. Wahenga walikwishasema, asiyekuwepo na lake halipo.

Ijumaa iliyofuata Mwajuma akashuka kwenye treni na sufuria ya pilau, bado ina uvuguvugu.

"Leo ofisi imehamia huku, dada," akasema.

Nilitaka kumwambia nimeshiba. Njaa ikanisaliti.

Tukiwa tunakula akaniambia, "Miaka yote nimekuonea wivu. Mimi nikikohoa tu, bosi anauliza nimekula nini. Wewe huku hakuna anayekuhesabia pumzi. Na mbona hukusema unaitaka nafasi? Bosi alidhani umeridhika."

Nikaongeza tonge. Tangu siku ile, kwenye barua zake za kazi Mwajuma alianza kutusalimu sisi wa mbali, kwa majina yetu, ndipo akawageukia wa mjini.

Basi, mwanangu, wivu wako si uongo mtupu. Bosi humsahau asiyemwona, na kosa hilo ni lake. Lakini usimwachie kimya chako akifasiri atakavyo. Mpigie, mwambie unachokifanya na unachokitamani. Na Mungu akikupa uongozi, salamu yako ya kwanza iwe ya aliye mbali.

Mola akufungulie riziki hapo hapo ulipokaa, na akuondolee moyoni sinia la mwenzio. Amina.