Sinia Iliyorudi na Kawa Yake

"Sinia yangu ikirudi na chakula juu, mutu aje anivue kilemba mbele ya banaume."

Kavira alisema hivyo kwenye arusi moja ya Koboko, mwiko mkononi, wanawake wote wa jikoni wakisikia na wapiga ngoma pia, maana hakuwa mtu wa kunong'ona. Ilikuwa mwaka 1972, naye mwenyewe alikuwa ameolewa juzi tu. Wanawake wa Kinubi walicheka kwa adabu, ile adabu ya mtu anayekuombea uteleze. Mtoto wa Kongo, aliyekua kwa ugali wa muhogo, anataka kutufundisha kisra?

Lakini alikuwa anaijua. Kisra ni mkate mwembamba kama karatasi, rojo la mtama uliochachuka linapakwa juu ya bamba la moto na kubanduliwa kabla halijaungua. Wako waliozaliwa ndani ya kisra na mpaka wanazeeka mikate yao inatoka kama sikio la tembo. Kavira alifundishwa na wifi yake Hajara, akamshinda, na Hajara akalibeba jambo hilo moyoni kama jiwe la figa.

Baba yake Kavira, Gustave, alikuwa Mnande wa Butembo mwenye duka la vitenge Arua. Alipochoka kuulizwa makaratasi alivuka mpaka na bidhaa zake, akafungua Ingbokolo, upande wa Zaire. Huko nako serikali ikamwambia Gustave ni jina la kizungu, atafute la mababu. Huku alikosa duka, kule akakosa jina. Binti akabaki Uganda kwa ajili ya mwanamume: Tahiru, Mnubi wa Koboko, dereva wa jeshi, mpole kiasi kwamba usingeamini ni jeshi linalomlisha. Kavira alisilimu, akapewa jina zuri la Kiislamu ambalo hakuna aliyelitumia.

Sasa, kwa watu hawa mwanamume hali ndani peke yake kama kuku anayeatamia. Baada ya sala ya adhuhuri wanaume wa mtaa walikaa kwenye baraza la mzee Yakubu, na kila nyumba ikapeleka sinia yake, imefunikwa kawa ya ukindu wa rangi. Masinia yaliwekwa katikati, makawa yakafunuliwa, na kila mkono ukaingia kila sahani. Haikuulizwa hiki kimetoka kwa nani. Wote walijua, na mke mvivu alijulikana pale kabla mume wake hajamjua.

Mapema mwaka 1974 Tahiru alipewa likizo ndefu, mke wake akiwa karibu kujifungua. Huko Kampala alikuwa akimwendesha afisa mmoja mkubwa. Mtoto akazaliwa, akaitwa Umaru, na kitovu chake kilikuwa bado kibichi ilipokuja habari kwamba maasi ya jeshi yameshindwa, Kampala imelia risasi usiku kucha. Tangu siku hiyo jina la yule afisa halikutajwa tena, wala redioni wala barazani. Afisa akishaondoka, anabaki dereva. Dereva ndiye anayejua bwana alilala wapi, alizungumza na nani, gari lilisimama wapi huku taa zimezimwa. Kila mwenye akili Koboko alielewa kwamba Tahiru atatafutwa, na wanaotafutwa hivyo hawakuwa wakirudi. Kavira peke yake hakuelewa, kwa sababu alikuwa ndani ya arobaini na hakuna aliyemwambia hata habari za risasi.

Mzazi hashtushwi. Akishtuka maziwa yanakauka; bibi yeyote wa Koboko atakuapia. Kwa hiyo arobaini yake ilijaa utulivu wa kubuni. Hajara, aliyeachika mara mbili na kurudi kwao na ulimi ukiwa mzima, ndiye aliyepika. Alimletea uji wa mtama wenye samli, supu ya kwato, na habari za mbuzi wa jirani. Kavira alilalamika kitandani kwamba mchuzi wa wifi ni maji ya kuoshea chungu yaliyopitiwa na bamia. Lakini sinia za Hajara zilirudi tupu kila mchana, na hilo lilimuuma kuliko uchungu wenyewe.

Wiki aliyotoka ndani ndiyo waliyofika wanaume wawili wa usalama. Walikuja kwa gari dogo kutoka upande wa Arua, suruali zimepanuka chini kama sketi, visigino vya viatu virefu hata tope la Koboko likashindwa kuwafikia, miwani myeusi mpaka ndani ya duka. Walinunua sigara wasivute. Waliuliza bei ya mbuzi wasinunue. Walisalimia vizuri mno. Koboko si Kampala: hapa kila mtu ni shemeji wa mwenye bunduki, na ukikamata ovyo unaweza kukuta umekamata mpwa wa mkubwa wako. Kwa hiyo walikuwa na subira. Waliuliza kwa upole tu, duka hadi duka: huyu Tahiru, anakula na nani?

Siku hiyohiyo waliyofika, Kavira alishika mwiko wake kwa mara ya kwanza tangu uzazi. Alipika kisra, mchuzi wa bamia kavu na nyama, akafunika, akafunga kitambaa juu ya kawa kwa fundo lake la kila siku. Hajara akabeba. Sinia ikarudi nzito kama ilivyokwenda.

Tahiru alirudi nyuma yake. Kavira akamwuliza kulikoni. Tahiru akatazama ukuta, akasema chumvi ilizidi.

Kesho yake akapunguza chumvi. Sinia ikarudi. Tahiru akasema nyama ilikuwa ngumu. Maskini, alikuwa akisema uongo kama mtu anayevaa kiatu cha mwenzake. Kavira hakulia. Alikasirika, ambayo kwake ilikuwa kazi nyepesi zaidi. Alimshuku Hajara kwa kumwekea kitu kwenye rojo. Akawashuku wanaume wa baraza: kumbe tangu arusi walikuwa wakila chakula chake kwa heshima tu, na sasa wamekumbuka ni wa Kongo. Akachinja jogoo aliyeletwa na baba yake kwa ajili ya uzazi, akampika kwa simsim, mtoto mgongoni, jasho likimwingia machoni.

Sinia ikarudi. Safari hii hakumngoja Tahiru. Aliona fundo la kitambaa ni lake, halijafunguliwa na kufungwa upya. Akalifungua, akafunua kawa. Mchuzi ulikuwa umeshika utando juu, mzima, laini, bila alama ya kidole. Akakaa chini. Chakula ambacho hakikuonjwa hakiwezi kuzidi chumvi.

Alimwita Hajara, akamwonyesha utando kwa kidole.

"Mama Umaru, mimi nilikatazwa," Hajara akasema.

"Nani alikukataza?"

"Bwana yako. Alisema maziwa." Hajara akaketi juu ya kinu kilicholala. "Si chumvi. Wanaume wanaogopa kesho wakiulizwa walikula na nani. Masinia yote yanawekwa pamoja, ya kwetu inawekwa pembeni. Yeye mwenyewe anakaa pembeni nayo. Hali."

Kisha akamweleza yote: risasi, afisa, wale wawili wa visigino. Kavira alisikiliza huku akimnyonyesha mtoto, na maziwa hayakukauka, ila mtoto alikohoa kwa wingi wake.

Jioni alimkabili mume wake na kumtaka avuke kwenda kwa Gustave. Tahiru alikataa. Alikuwa na karatasi ya likizo yenye muhuri, akaipapasa mfukoni kama hirizi. Alisema hakufanya neno, yeye ni usukani tu, na mtu anayekimbia ameshakiri. Kavira akamwambia hao hawasomi muhuri. Wakalala migongo ikitazamana, mtoto katikati kama mpaka.

Siku ya nne alipika kwa sababu adhuhuri ilifika, basi. Sinia ikarudi tupu.

Ilikuwa tupu kweli, mifupa imenyonywa, bakuli limepanguswa kwa mkate. Kavira akacheka kwa sauti. Wamesamehe, akafikiri, mambo yamepita. Ndipo akamwona Hajara, ambaye alikuwa hajaiweka sinia chini.

"Nani wamekula?"

"Wale wawili. Walikuja barazani, wakavuta sinia yetu katikati, wakamketisha Baba Umaru kati yao. Mzee Yakubu na wenzake wakabaki wanatazama vidole vyao." Hajara alizungumza polepole kama anayesoma. "Wamesifu. Wanasema mkate wa namna hii huupati Kampala. Kesho watakula hapa nyumbani, chakula kitoke motoni. Wanataka mwenye nyumba awepo."

Tahiru aliingia, akasimama mlangoni. Karatasi yake ilikuwa mkononi; walikuwa wameomba kuiona, wakaisoma, wakamrudishia na doa la mafuta juu ya muhuri.

"Chumvi ilizidi?" Kavira akamwuliza.

"Haikuzidi."

"Basi kesho unakwenda kwa baba."

"Na wewe?"

"Mimi niko na bageni."

Asubuhi gari lilikuwa limesimama kwenye njia panda ya Midia, ndiyo njia ya mpakani. Hapakupita hata mbuzi bila kutazamwa. Tahiru alilala kifudifudi kwenye shamba la mihogo nyuma ya nyumba, jembe pembeni, akingoja waketi kula ndipo ashike njia. Barabara ingekuwa wazi kwa muda ule tu ambao wale wawili wangekuwa mezani, na wakimaliza mapema wangempata kwa gari kabla hajafika popote. Kwa hiyo kila kitu kilibaki kwenye matumbo ya watu wawili na mkono wa Kavira.

Kisra ina hila moja: haiharakishwi. Inaliwa moto, mmojammoja, na mgeni anangoja bamba. Kavira alitia kuni mbichi kwa makusudi. Hajara akaomba radhi kwa moshi, akalaani wauza kuni wa siku hizi, akaanza hadithi ya talaka yake ya kwanza, ambayo huwa ndefu, na alipoimaliza akaanza ya pili. Ikaja bamia. Wakala. Wakangoja. Wakaja samaki wakavu kwa simsim. Yule mrefu alifungua kifungo cha suruali. Yule mfupi ndiye aliyeuliza mwenye nyumba yuko wapi.

Kavira akajibu kutoka motoni, bila kugeuka: amekwenda Ludara kutafuta sukari. Mgeni hapewi chai bila sukari, na Koboko sukari hakuna, si mnajua.

"Sukari iko kwa gari," mfupi akasema, akanyanyuka.

Gari lilikuwa kwenye njia ya Midia. Hajara alinyamaza katikati ya neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kavira alipaka rojo, akabandua, akapaka tena. Mkate mmoja ukaungua, akautupa. Mlango ulikuwa mtupu kwa muda mrefu. Kisha mfupi akarudi na mfuko wa sukari, visigino vikigonga, akauweka mezani.

"Sasa tutakunywa chai. Yeye atatukuta."

Walikunywa. Mrefu akamwomba mtoto. Huwezi kumnyima mgeni mtoto, Hajara akampa. Akampakata vizuri, kama mtu mwenye wake nyumbani, akamsogezea miwani karibu.

"Umaru," akasema taratibu. "Baba iko wapi?"

Mtoto akaanza kulia. Kwenye moto, Kavira alihisi maziwa yanashuka yenyewe, yakalowesha gauni hadi kiunoni, naye hakugeuka. Alikuwa na mkate juu ya bamba. Aliubandua, akauleta na kuku, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mupe Hajara mtoto, bwana. Huyu iko ya moto, ikipoa ni kazi bure."

Mrefu akamtazama. Akamrudisha mtoto, akanyoosha mkono kwenye mkate.

Walinyanyuka adhana ya alasiri ilipoita. Wakanawa, wakashukuru. Mfupi alisimama kizingitini akachokoa meno, akatazama shamba la mihogo kwa muda kuliko inavyohitajika kutazama mihogo. Akasema watarudi Ijumaa, na Ijumaa hawatakuja kula tu. Sukari wakaiacha. Kavira hakutaka kuiona; Hajara akasema sukari haina kosa, akaificha kwenye mtungi.

Siku mbili hakukuwa na habari. Jumatano akapita Natalina, mwuza muhogo wa Midia, akaweka kikapu chini na kusema kwa Kavira tu: baba yako anasema mzigo umefika, umevimba miguu.

Alhamisi alfajiri Kavira alijifunga mtoto, akatia kikapuni majani ya kunde kama mtu wa sokoni. Alimtaka Hajara waende wote. Hajara alikuwa tayari amewasha moto. Alisema nyumba isiyotoa moshi inaulizwa, na sinia isipokwenda kwa Yakubu mchana, watajua kabla ya alasiri.

"Nitaipeleka mimi. Hakuna atakayeifunua, hata nikiweka mawe."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nitawapikia mchuzi wangu," Hajara akasema. "Wajute wenyewe."

Hawakukumbatiana. Kavira alishika njia ya Midia, na kila alipokutana na mtu alisalimia kwanza, ili asiulizwe. Moshi wa nyumba ulionekana mpaka kwenye mteremko, kisha haukuonekana. Pale Midia walikuwako watu wa baisikeli. Kutoka hapo hadi mpakani nauli ilikuwa shilingi tatu. Mtoto wa mgongoni hakutozwa.